Taa ya mbalamwezi kwenye tangi la samaki: angalia uhafifu kwanza, rangi baadaye

Ukinunua taa ya tangi la samaki siku hizi, mara nyingi utakuta ina kitufe chenye alama ya mwezi. Ukikibonyeza, taa nyeupe zinazimika, zinabaki LED za buluu peke yake, na maji yanageuka kama ukumbi wa disko. Watu wanaipenda, na sioni ubaya wa mtu kutaka tangi lake lipendeze usiku. Ila baada ya miaka ya kukaa mbele ya vioo saa ambazo wenzangu nyumbani wamelala, nikibadilisha taa, nikiziba hii na kusogeza ile, nimefikia msimamo wangu: katika taa ya aina hii, rangi ndiyo ya mwisho kuangaliwa. La kwanza ni uhafifu wake. La pili ni saa ya kuzimika.

Tuanze na hiyo buluu, maana ndiyo inayouza. Mwezi hauna mwanga wake, unaakisi wa jua, na uso wake ni mweusi kuliko tunavyodhani: unaakisi takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupata. Mwanga huo ukifika kwetu hauna ubuluu wowote wa ajabu. Ukipimwa, joto la rangi yake (kipimo ambacho namba ikishuka mwanga unazidi kuwa wa manjano) ni kama Kelvini 4,100, yaani unaegemea umanjano kidogo kuliko jua la mchana. Ubuluu tunaouona usiku wa mbalamwezi unatengenezwa na macho yetu. Mwanga ukipungua sana, kazi inahamia kwa zile seli za jicho zinazofanya kazi gizani, nazo zinauona vizuri mwanga wa kijani-buluu na karibu haziuoni wekundu. Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia wa karne ya 19, alilieleza jambo hili baada ya kuona kwamba alfajiri maua mekundu yanaonekana meusi wakati ya buluu tayari yanang'aa. Hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo taa ya buluu ya dukani inaigiza jinsi mtu anavyouona usiku. Samaki hayumo kwenye hesabu hiyo.

Kuna hoja moja inayoitetea buluu, na si hoja ya kipuuzi. Maji safi ya bahari hunyonya wekundu kwanza, na kadiri unavyozama ndivyo buluu inavyobaki peke yake. Mwenye tangi la maji chumvi lenye matumbawe ana haki ya kusema buluu ndiyo nyumbani kwao. Lakini samaki wengi tunaofuga ni wa maji baridi, na baadhi yao, kama hawa neoni wenye mstari unaong'aa ubavuni, asili yao ni vijito vya misitu ya Amazon ambako majani yaliyooza yameyapaka maji rangi ya chai ya rangi. Maji ya namna hiyo hufanya kinyume: hunyonya buluu kwanza, yakabakiza manjano na wekundu. Neoni wa kijitoni akipata mbalamwezi chini ya maji, basi anaipata imeshachujwa na kuwa ya hudhurungi. Kumwekea buluu kali na kuiita mwezi ni kumletea kitu ambacho kwao hakipo.

Hilo la rangi nalisema kwa upole, kwa sababu samaki wangu wameishi chini ya rangi zote bila kufa. La uhafifu silisemi kwa upole.

Jua la saa sita mchana lisilo na mawingu hutoa kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Mwezi mpevu ukiwa juu kabisa angani hutoa karibu robo ya luksi, na usiku mwingi haufiki hata hapo. Tofauti ni ya mara laki kadhaa. Sasa chukua ile taa ya kitufe cha mwezi, iwashe, weka simu yenye programu ya kupima mwanga karibu na uso wa maji. Taa niliyokuwa nayo kwenye tangi la sebuleni ilikuwa inasoma makumi ya luksi. Hiyo haina uhusiano na mwezi wowote, ni chumba kilichowashwa taa. Tena simu zenyewe haziaminiki ukishuka chini ya luksi moja. Nyingi zinaandika sifuri tu, au zinarukaruka. Kwa hiyo kipimo ninachokitegemea ni macho, na macho yanataka subira: zima kila kitu chumbani, televisheni pia, kaa kama dakika ishirini bila kuangalia simu. Hapo ndipo macho yanapokuwa yamezoea giza. Ukiona bado unaweza kusoma maandishi ya kwenye kopo la chakula cha samaki, taa ni kali mno. Ukiona umbo la samaki, unajua anaelekea wapi, lakini huna uhakika na rangi yake, umefika.

Shemeji yangu alinitembelea usiku mmoja nikiwa nimeshapunguza taa hadi kiwango hicho. Aliingia akitokea jikoni kwenye mwanga mweupe, akasimama mbele ya tangi.

"Shemeji, mbona umewafungia samaki gizani? Hata hawaonekani."

"Kaa kwanza. Acha simu mfukoni."

Alikaa, akaanza kunisimulia habari za kazini. Katikati ya habari akanyamaza, akasogeza kiti. Wale samaki wembamba wenye mistari wanaoitwa kuhli, ambao mchana hujizika kwenye changarawe nikasahau kama ninao, walikuwa wametoka wote na wanapepeta mchanga mbele ya kioo. Akauliza nimewanunua lini. Wamekuwepo siku zote, nikamwambia, ni wewe huwa unakuja taa ikiwa imewaka.

Hiyo ndiyo faida ya kweli ya taa hii kwa mwenye tangi: inakuonyesha nusu ya pili ya mifugo yako. Kambare wadogo wa Corydoras wanazunguka kwa nguvu jioni kuliko mchana. Pleko, kambare mwenye mdomo wa kunyonya, anaacha kigogo chake na kupanda kioo. Konokono wanatoka mchangani. Lakini ninachokipenda zaidi ni samaki wa jenasi Nannostomus, wale wembamba kama penseli. Mchana wana mistari mirefu inayokwenda toka mdomoni hadi mkiani. Usiku mistari hiyo inafifia na badala yake yanatokea mabaka makubwa meusi ya kusimama, mawili au matatu, kama vile mtu amembadilisha samaki. Nimeyatazama mabadiliko hayo kwa karibu, pua ikigusa kioo: mstari hauondoki kwa mara moja, unakatikakatika, sehemu moja inafifia na jirani yake inakolea, mpaka baka linajitokeza. Chini ya ile taa ya buluu kali nilikuwa naona samaki wenye hali ya katikati, mistari imefifia nusu, mabaka hayajakamilika, usiku wa manane. Walikuwa hawajaamua kama kumekucha au kumekuchwa. Nilipopunguza mwanga, mabaka yakaja yote. Neoni nao ni hivyo hivyo. Gizani mstari wao unapoteza mng'ao na wekundu unapauka, ndiyo maana wageni wa ufugaji wakiwasha taa asubuhi wanadhani samaki wameugua. Wakiachiwa mwanga mkali usiku kucha wanabaki wameng'aa, wanaogelea pamoja katikati ya maji, hawatulii.

Samaki wengi hawana kope. Hawawezi kujifungia mwanga nje. Wewe ndiye kope zao. Na wanapumzika kweli, miili yao hutoa melatonini, homoni ya usiku na usingizi, kama yetu. Watafiti wa Ujerumani waliwaweka sangara wa Ulaya chini ya taa usiku, wakakuta melatonini inapungua hata mwanga ukiwa luksi 1. Luksi moja. Ukiikumbuka ile taa ya makumi ya luksi, utaelewa kwa nini nimekuwa mkali.

Njia za kupunguza mwanga ni nyingi na nyingine hazina haja ya vifaa. Taa yenye dima, yaani kidhibiti cha kupunguza mwanga, ni bora, ila chunguza dima yake ikiwa chini kabisa. Taa nyingi za LED zinapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzimika haraka haraka, na za bei rahisi zinafanya hivyo kwa kasi ndogo. Pitisha penseli chini ya taa ukiitikisa upesi: ukiona penseli nyingi zimepangana badala ya ukungu mmoja, taa inapepesa. Mimi taa za namna hiyo siziweki. Kama huna dima, ziba. Nimeshatumia utepe mweusi wa umeme kuziba LED zote isipokuwa moja, na ile moja nikaifunika tabaka za karatasi nyeupe nikiongeza moja moja mpaka mwanga ukakubali. Ziba upande wa mwanga tu. Mgongo wa taa wenye mapezi ya chuma ni wa kutoa joto, uache wazi.

Kuacha LED moja kulinifundisha jambo jingine ambalo sikulitegemea. Utepe mrefu wenye LED nyingi hutandaza mwanga sawasawa, na tangi linaonekana bapa, halina kina. Nukta moja ndogo ya mwanga, iliyowekwa upande mmoja wa tangi, inafanya yale mawimbi madogo ya filta yachore mistari inayocheza juu ya changarawe. Sababu ni ukubwa wa chanzo cha mwanga: mwezi ukiutazama kutoka duniani unachukua nusu digrii tu ya anga, kwa hiyo vivuli vyake vina makali. Utepe wa sentimita sitini juu ya tangi la sentimita sitini hauwezi kutoa kivuli cha namna hiyo. Na ukiiweka hiyo nukta pembeni, upande wa pili wa tangi unabaki na giza halisi. Samaki asiyetaka mwanga anakwenda kule, anayetaka anabaki huku. Mwache achague.

Kuhusu muda. Watu wengi huacha taa ya mwezi iwake tangu taa kubwa inapozimika hadi asubuhi, kila siku, mwezi mzima. Mwezi wenyewe haufanyi hivyo. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu, kila siku unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika kama hamsini, na ukijumlisha usiku wote wa mwezi mzima, karibu nusu ya saa za giza hazina mbalamwezi kabisa. Mwezi mpevu tu ndio unaokaa angani usiku kucha. Kwa hiyo taima yangu, ile saa ya kuwasha na kuzima taa yenyewe, inawasha ile LED moja kabla taa kubwa haijazimika, inaiacha saa mbili, kisha giza. Giza la kweli, na pazia limefungwa kama nje kuna taa ya barabarani.

Kuna sababu nyingine ya kuthamini giza, nayo niliiona kwa kamba wadogo wa maji baridi ninaowafuga pamoja na samaki. Vifaranga vya kamba ni chakula kitamu. Mchana wanajificha ndani ya mimea iliyosongamana na majani, usiku wanatoka kula. Taa ya mwezi ikiwaka muda mrefu, samaki wanabaki wanaona, na vifaranga vinapungua. Kule ziwa Cahora Bassa, Msumbiji, mtaalamu aitwaye Gliwicz alieleza mwaka 1986 jambo la namna hiyo hiyo kwa kipimo cha ziwa zima. Vijidudu vya majini hupanda juu jua likizama. Siku zinazofuata mwezi mpevu kunakuwa na kipindi cha giza kwanza, vijidudu vinapanda vikidhani ni salama, kisha mwezi unachomoza na kuviangaza vikiwa juu, dagaa wanavila. Idadi yake ziwani ilikuwa inapanda na kushuka kufuata mwezi. Tangi langu halina mahali pa kuzamia, kina chake ni sentimita arobaini. Nilipofupisha muda wa taa na kuongeza mimea minene kwenye kona yenye giza, kamba wakaanza kuongezeka tena.

Lakini taa hii ina kazi moja ambayo siwezi kuiacha hata kama nisingependa kutazama usiku, nayo ni kuvusha samaki kati ya mwanga na giza. Taa kubwa ikizimika ghafla na chumba kikawa giza totoro, samaki wanashtuka. Wanagonga kioo, wanagongana, na wenye tabia ya kuruka wanaweza kutoka nje kama mfuniko una upenyo. Asubuhi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: taa ya chumba ikiwa bado imewaka, taa kubwa ya tangi inashuka taratibu kwa nusu saa, LED ndogo tayari iko, taa ya chumba inazimwa mwisho. Taa isiyoweza kushuka taratibu inasaidiwa sana na hii nukta moja, maana samaki hapotezi kabisa mahali alipo. Mimea itakuonyesha kama saa zako ziko sawa. Baadhi, kama Limnophila, hukunja majani ya kileleni jioni hata kabla taa haijazimika, kwa sababu imeshaizoea ratiba.

Mwani nao una neno lake. Klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, hunyonya buluu na wekundu kwa pupa; vilele vyake viko karibu na nanomita 430 na 660 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Buluu ya LED nyingi iko kwenye nanomita 450 hadi 470, si mbali na hapo. Katika kiwango cha mwezi halisi hakuna mwani utakaonenepa. Katika kiwango cha kitufe cha disko, saa nane au kumi kila usiku, unampa mwani zamu ya pili ya kazi, halafu unalaumu mbolea.

Wapo wanaoshauri taa nyekundu, kwa maelezo kwamba samaki hawaioni. Wengi wa maji baridi wanaiona vizuri tu. Samaki wa dhahabu ana aina nne za seli za rangi, sisi tuna tatu, na wekundu anaona, na zaidi ya hapo anaona miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni. Taa nyekundu hafifu si mbaya, ila usiitazame kama pazia la kujifichia. Mimi nimebaki na LED nyeupe ya Kelvini 4,000, iliyofifishwa hadi macho yangu yenyewe yanaipaka ubuluu. Picha hazitoki, lakini sikuiweka kwa ajili ya kamera.

Umeme nausema kwa kifupi. Taa inayokaa juu ya maji iwe ya volti 12, adapta ikae mbali na kwa juu kuliko tangi, na waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likifuata waya lidondokee sakafuni. Kama taa iko chini ya mfuniko, tafuta iliyoandikwa IP67 au zaidi, alama ya kwamba haiingizi maji. Kwenye maji chumvi, futa ukoko wa chumvi kwenye viungio mara kwa mara.

Taa hafifu ya usiku kucha nina mahali pawili tu ninapoikubali. Pa kwanza ni kwa jozi ya samaki malaika iliyotaga. Wazazi hupepea mayai kwa mapezi na kuyalinda, na gizani wanaweza kuyapoteza au kushtuka wakayala. Hapo naacha nukta iwake hadi asubuhi, mpaka vifaranga vianze kuogelea vyenyewe, kisha narudi kwenye saa mbili.

Pa pili ni kwa wafugaji wa matumbawe, ambao kwao mwezi ni kalenda. Kwenye mwamba mkubwa wa Great Barrier Reef huko Australia, aina nyingi za matumbawe hutoa mbegu kwa pamoja katika usiku chache baada ya mwezi mpevu, mara moja kwa mwaka. Katika jumba la makumbusho la Horniman, London, timu ya Jamie Craggs ilifanikiwa kuyafanya matumbawe ya tangini yazae kwa wakati waliopanga, kwa kuiga joto la majira, urefu wa mchana na mwendo wa mwezi, ukiwemo wakati wa kuchomoza na kuzama kwake. Mwenye lengo hilo anunue taa yenye programu ya mwezi kamili, tena ahakikishe programu ina siku za giza tupu. Ukiwa na neoni, kuhli na pleko kama mimi, taima ya kawaida na LED moja zinatosha. Fedha inayobaki nunulia mfuniko mzuri.